Kaunta ya kwatsi kwa jiko la mtu anayekaanga kila siku, inafaa?

Mama Naima, Tegeta

Habari za jioni wadau, na wakubwa shikamooni.

Namalizia jiko. Upande mmoja makabati ya chini yameshafungwa, upande wa pili fundi ujenzi alimwaga zege juu ya vikuta vya tofali, kwa hiyo jiko lina umbo la L. Kilichobaki ni kaunta. Nilishaamua granaiti, ila juzi nimepita dukani nikaonyeshwa slabu, yaani bamba, ya kwatsi nyeupe yenye mishipa ya kijivu na moyo wote umehamia huko. Muuzaji anasema haichomeki, haikwaruziki, haishiki doa, tena ni ya maisha. Kitu kikisifiwa hivyo napenda kusikia kwanza kwa wanaokitumia na wanaokifunga.

Jiko langu lina kazi. Nachukua oda za sambusa, maandazi na katlesi, karai la mafuta linapanda na kushuka motoni kutwa. Bizari ya manjano haikosekani. Msichana anayenisaidia akiona doa lolote anakimbilia jiki. Halafu nyuma ya nyumba nina kibaraza chenye kaunta ya nje, jua la mchana linakipiga lote, nilitaka nako niweke slabu hiyohiyo ili vifanane.

Mama yangu anasema niweke terazo kama ya nyumba ya bibi, niache kuhangaika na vya dukani. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mdau wa Njiro

Dada, weka granaiti nyeusi ulale. Ya kwangu sufuria la maharage linatoka motoni linatua hapohapo na hakuna kilichotokea. Nyeupe kwa mtu wa oda za sambusa ni kujitafutia kazi ya kufuta kutwa.

Fundi Mawe, Temeke

Mama Naima, salama. Kazi yangu ni kukata na kufunga mawe ya jikoni. Niliianzia Muscat, nikarudi nayo nyumbani. Nafunga granaiti, marumaru na kwatsi, na sina duka la slabu, kwa hiyo sina ninachokuuzia hapa.

Ujue kwanza unachonunua. Kwatsi ya kaunta haichimbwi ikiwa slabu kama granaiti. Ni chenga na unga wa madini ya kwatsi, asilimia 90 hadi 93 hivi kwa uzito, vinachanganywa na resini ya poliesta, yaani gundi ya plastiki, na rangi, vinashindiliwa kwa mtetemo huku hewa inanyonywa, kisha slabu inaokwa hadi resini igande. Teknolojia hii ilitoka kwa kampuni ya Breton ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1963, na viwanda vingi mpaka leo vinafuata njia hiyo. Muuzaji akikutajia asilimia 93 hajakudanganya. Asichokwambia ni kwamba resini ni nyepesi sana kuliko jiwe. Ukihesabu nafasi inayochukua ndani ya slabu badala ya uzito, inakuwa karibu moja ya sita. Hiyo ni plastiki. Madini ya kwatsi hayana shida na jiko lako hata kidogo, plastiki iliyoyashika ndiyo ya kulindwa, na maswali yako yote yanajibika ukilijua hilo.

Moto. Resini ya aina hii inaanza kuumia kwenye nyuzi 150 hivi. Mafuta yanayokaanga maandazi yapo kati ya 170 na 190, na kitako cha karai kinachotoka motoni ni moto zaidi ya mafuta yaliyomo. Ukilitua juu ya kwatsi nyeupe unaweza kupata duara la umanjano, au weupe uliofifia kama ukungu, na hilo halitoki kwa sabuni kwa sababu halijashika juu, limeungua ndani. Au inapasuka: palipopata moto panatanuka, pembeni pamebaki baridi, jiwe linavutana. Ufa huo mara nyingi hautokei chini ya karai. Unatokea kwenye kona ya tundu la sinki au la jiko, maana hapo ndipo pamebaki pembamba. Jiko la gesi la mezani nalo likiwa na miguu mifupi, na juu yake kuna sufuria kubwa la pilau linalorudisha moto chini, linapika kaunta polepole. Oveni ndogo ya mezani vilevile. Weka ubao chini yake.

Kukwaruzika. Hapa sifa ni za kweli. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoitwa Mohs, kwatsi iko namba 7, kisu cha kawaida kinacheza kwenye 5.5. Ukikatia nyama moja kwa moja juu ya kaunta, kisu ndicho kinachoumia. Utakuja kuona mistari ya kijivu pale sufuria za alumini zinapoburuzwa na utadhani kaunta imechanika. Pitisha kidole: hakuna mfereji. Ni chuma cha sufuria kimebaki juu ya jiwe kwa sababu jiwe ni gumu kuliko chenyewe, kinatoka kwa kusugua taratibu.

Madoa. Haifyonzi, kwa hiyo haihitaji dawa ya kupaka kila mwaka kama granaiti nyingi za rangi nyepesi. Ndimu na siki haziilambi kama zinavyoilamba marumaru. Ila jiki ya mara kwa mara inaua mng'ao, na dawa kali ya kuzibulia mabomba ni mbaya zaidi, ikimwagika usiseme nitafuta baadaye. Thina na asetoni za kutoa rangi ya kucha vilevile. Vyote hivyo vinashambulia resini.

Kibaraza sahau. Jua linaibadilisha resini rangi, inakuwa manjano kidogo kidogo, na palipokuwa na kivuli cha ndoo panabaki peupe. Watengenezaji wengi wenyewe hawatoi dhamana ya kwatsi ya nje. Hapo mama yako yuko sahihi kabisa, weka terazo au granaiti.

Kabla hujalipa, omba kipande cha mabaki ya slabu ileile uende nacho nyumbani. Mjini kuna marumaru ya kutengenezwa, yaani unga wa chokaa na resini, inayouzwa kwa jina la kwatsi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Chukua chupa ya kioo, ikwaruze kwa kona ya kipande: kwatsi ya kweli inakichana kioo. Kisha dondoshea siki juu ya sehemu iliyovunjika, ile isiyong'arishwa. Ikitoa vipovu hata kidogo, hiyo ni chokaa, na mambo yote mazuri niliyosema ya ndimu na kisu hayaihusu.

Mimi ningekuwa natengeneza jiko lako, ningeweka kwatsi upande wa sinki na wa kuandalia, na kulia na kushoto kwa jiko la moto ningeweka granaiti nyeusi. Karai linatua kwenye granaiti, unga unasukumwa kwenye kwatsi. Kwa mtu wa oda, sioni mpango mwingine wa kukupa amani.

Bi Zuwena, Tanga

Mwanangu Mama Naima, mie ninayo hiyo nyeupe tangu tulipohamia hii nyumba, na ningeulizwa leo ningeichukua tena. Fundi amesema sawasawa. Niongeze ya mwenye kuifuta.

Kila siku ni kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, basi. Ila sabuni uisuuze na ukaushe kwa kitambaa kingine, la sivyo inabaki na utando unaoifanya ionekane chakavu kumbe ni sabuni tu. Stilwaya nimeiondoa kabisa jikoni, haipo hata kabatini, maana ikiwepo mtu ataitumia. Unga wa maandazi ukishakauka juu ya jiwe usiuchokonoe kwa kisu. Uloweshe kidogo kisha usukume kwa kadi ya plastiki, hata ile ya benki iliyoisha muda. Unatoka kama ganda.

Maji yetu ya kisima yana chumvi. Kuzunguka shina la bomba pale sinki panajenga ukoko mweupe, mgumu, na hapo ndipo watu wanapotaka kukwangua. Mie nachanganya siki na maji nusu kwa nusu, nalowesha kitambaa, nakizungushia bomba muda wa kuosha vikombe viwili vitatu, nafuta, nasuuza vizuri. Ukoko unalainika wenyewe. Ukiufanyia hivyo kila wiki hauwi mgumu.

Bizari ikifutwa palepale haina neno. Ikilala usiku kucha inaacha kivuli. Changanya bekingi soda na maji iwe uji mzito, paka, iache kidogo, sugua kwa kitambaa kwa duara bila kukaza mkono. Rangi ya ubuyu nayo inatoka hivyohivyo, wajukuu wameshanipima sana kwa hilo.

Kisichotoka ni piko. Siku ya harusi ya mwanangu wapambaji walikoroga piko juu ya kaunta, bakuli likavuja. Palipovuja pana ukubwa wa sarafu, kwa mbali hupaoni, ukiinama karibu na dirisha unaona kijivu cha maji. Hina na piko visogee jikoni vikiwa juu ya sinia, na sinia juu ya gazeti.

Nazi pia. Kuna kijana aliigonga nazi kwenye ukingo wa kaunta ili ipasuke, kama anavyogonga kwenye ngazi ya uani. Nazi ilipasuka, na ukingo ukameguka kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Fundi Mawe, hicho kinarekebishika? Kipande chenyewe nimekihifadhi.

Mama Naima, Tegeta

Bi Zuwena shikamoo, na asante sana. Fundi Mawe, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili.

Leo nimekwenda kuomba kipande. Duka la kwanza wakanizungusha, wakasema hawana mabaki. La pili wamenipa. Kimekwaruza chupa hadi nikasikia meno yanauma, na siki haikutoa kipovu. Kwa hiyo nanunua hapo.

Nina mengine. Slabu ni ya sentimita 2. Fundi niliyepewa anasema ataibandika kwa saruji kwenye ule upande wa zege, na kwamba kukata atakatia hapahapa uani kwa grainda, hahitaji kupeleka karakana, hivyo bei itashuka. Hiyo bei imenivutia. Tatizo lolote?

Fundi Mawe, Temeke

Bi Zuwena, shikamoo. Kinarekebishika. Usikitupe hicho kipande. Nakisafisha kwa spiriti, nakirudisha kwa gundi ya epoksi iliyotiwa rangi ya jiwe, ikikauka inasawazishwa kwa wembe na kung'arishwa. Ukiwa umesimama mlangoni hutauona. Fundi yeyote wa mawe hapo Tanga mwenye gundi hiyo anaweza.

Mama Naima, nianze na hiyo ya uani, kwa sababu nyingine ni za jiwe na hii ni ya roho za watu.

Usikubali. Kwatsi ikikatwa kavu kwa grainda inatoa vumbi la silika, ndiyo madini yenyewe ya kwatsi, laini mno, laini kuliko unga wa ngano unaoujua. Lile unaloliona likitua kwenye majani ni zito, lina nafuu. Baya ni lile usiloliona, linaelea hewani muda mrefu na likiingia kwenye mapafu halitoki. Mapafu yanajenga makovu kulizunguka, na makovu hayo yanaendelea kukua hata mtu akishaacha kazi. Ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Marumaru ya kawaida ina silika chini ya asilimia 5, granaiti ni kubwa zaidi, mara nyingi inafika theluthi au kupita. Kwatsi ya kutengenezwa ni zaidi ya asilimia 90. Ndiyo maana Australia, baada ya kuona vijana wa kukata kaunta wanaumwa, wamepiga marufuku kutengeneza, kuuza, kukata na kufunga mawe haya kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Ni vijana kweli, wengine hawajafika miaka 40. Kwa waliokata granaiti ugonjwa ulikuwa unachukua miongo, kwa kwatsi umekuwa unatokea mapema kuliko hapo.

Karakana niliyojifunzia Muscat, maji yalikuwa yanatiririka kwenye msumeno muda wote. Tulikuwa tunarudi nyumbani tumelowa hadi viatuni. Nilipoanza kazi hapa nikakuta vijana wanakata kavu, kitambaa cha fulana kimefungwa puani, nyusi nyeupe kama wazee. Kitambaa hicho hakizuii vumbi hili. Mmoja wa wenzangu sasa akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza anasimama katikati kuvuta pumzi, na alikuwa mbeba slabu hodari kuliko sisi wote. Tangu nilipoliona hilo, sikubali kazi ambayo mteja anataka nikatie uani kwake.

Kwa hiyo slabu ikatwe karakana, kwenye mashine ya maji, matundu ya sinki na jiko yakiwa yameshatobolewa huko. Kwako ije ikiwa tayari kulazwa. Fundi aje kwanza achukue vipimo kwa kiolezo cha mbao nyembamba au ubao wa karatasi ngumu, hasa kwenye ile kona ya L, maana kuta zetu mara chache zina pembe kamili. Kukibaki cha kupunguza milimita mbili ukutani, apunguze kwa grainda mwenzake akimwagia maji, wote wamevaa barakoa za kuzuia vumbi laini, na watoto wako wasiwepo. Tope litakalobaki lizolewe likiwa bichi. Likikauka likafagiliwa, vumbi ni lilelile.

Ikishafungwa, haina madhara kwako wala kwa wanao. Jiwe lililotulia halitoi vumbi. Hilo usiliogope.

Sasa saruji. Slabu ya kwatsi inatanuka kwa joto kuliko granaiti, sababu ni ileile resini. Ukiigandisha yote kwa saruji juu ya zege, zege halitembei na slabu inataka kutembea, mwisho wake inapinda au inapasuka. Zege likaguliwe kwa pimamaji kwanza, mabonde yasawazishwe na yaachwe yakauke kabisa. Kisha slabu ilale juu ya vitone vya silikoni, kila baada ya sentimita 30 hivi, na ukutani aache uwazi wa milimita mbili tatu aujaze silikoni. Usiruhusu slabu iguse ukuta kwa nguvu.

Kona za ndani za tundu la sinki ziwe za mviringo. Mwambie hivyo kabla hajatoboa, kwa sababu kona iliyokatwa kwa pembe kali ndiyo mwanzo wa nyufa nyingi ninazoitwa kuziangalia. Maungio yasipite juu ya sinki. Ukitaka ukingo utokeze kwa ajili ya viti vya watoto, uwekewe mabano ya chuma chini.

Na wabebaji wawe wa kutosha. Slabu ya sentimita 2 ina kama kilo 48 kwa mita moja ya mraba. Upande wako wa mita 3 kwa sentimita 60 ni kama kilo 86 kabla hawajatoboa tundu. Ibebwe imesimama kwa ubavu, kamwe isilazwe kama godoro, itavunjikia mikononi mwao pale penye tundu.

Bei itapanda kidogo kuliko ile ya uani, najua. Punguza kwingine. Kwa mfano usilipie ule ukingo unaokunjwa kwa mbele ili slabu ionekane nene. Ni urembo tu, na sambusa hazitauona.

Mdau wa Njiro

Fundi, hilo la vumbi sikuwa nalijua. Nina mdogo wangu yuko kwenye kazi hizo Sakina, nampigia simu leo.

Mama Naima, Tegeta

Nimeongea na yule fundi wa grainda. Kwanza alinuna, baadaye nikamsomea maneno yako akakaa kimya, akaniuliza karakana yenye mashine ya maji ipo wapi. Tumekubaliana slabu inakwenda huko, yeye atafanya kufunga tu.

Mpango sasa ni huu: kwatsi upande wote wa zege na sinki, granaiti nyeusi pande mbili za jiko, terazo kibarazani. Mama amefurahi kuliko mimi. Swali la mwisho fundi: hivyo vipande vya granaiti viwe na upana gani, na vikikutana na kwatsi usawa utakuwa sawa?

Fundi Mawe, Temeke

Pima kitako cha karai lako kubwa na sinia unalochujia, uviweke pamoja, ongeza sentimita 10. Kwa wapishi wengi inatoka kati ya 50 na 60 kila upande. Granaiti nayo iwe ya sentimita 2, na ichaguliwe kwa kipimo chenyewe maana granaiti nyingine zinakuja na milimita 18 au 17. Zikitofautiana, chini ya ile nyembamba anaongeza silikoni hadi juu zilingane, wala asisage juu. Kwenye maungio aache milimita 2 za silikoni nyeusi, ile ya kustahimili joto.

Tuma picha ya tundu la sinki wakishatoboa, kabla halijatoka karakana. Nitaziangalia hizo kona.